Mugongo wa Mulimaji: Kwa Nini Kiuno Kinaendelea Kuuma, na Tufanye Nini



Kila mara tunapokutana na makundi ili kutayarisha Musimu A, tunauliza swali moja: ni nini inawazuia kupanua shamba? Majibu tunayajua. Mbegu nzuri hazipatikani, mozaiki inaharibu mihogo, barabara ni mbaya, usalama ni mudogo. Lakini mukutano ukiisha, wakati watu wanasimama ku viti, hapo ndipo tunaona jibu lingine ambalo hakuna mutu alilitaja. Huyu anashika kiuno kwa mikono mbili. Yule ananyooka pole pole, anasubiri kidogo mbele ya kutembea. Wanacheka: "Ni uzee." Wengi wao hawajafikisha hata miaka 40.

Sisi ni wa-agronome, hatuko waganga. Kazi yetu ni udongo na mbegu. Lakini chombo cha kwanza cha mulimaji si jembe, ni mugongo, na ule ukiharibika hakuna duka la Bukavu linauzisha mwingine. Ndiyo maana mara hii tumeacha kwanza habari ya mbolea. Tumeongea na wainfirmiye wa vituo vya afya, tumesoma mashauri ambayo Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilitoa mu mwezi wa 12 wa mwaka 2023 juu ya maumivu ya kiuno yasiyoisha, kisha tukalinganisha na yale tunaona kila siku ku milima ya Kabare na Walungu.

Hauko peke yako

Mu mwaka 2020, watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Hakuna ugonjwa mwingine unaozuia watu wengi hivyo kufanya kazi zao. Basi mutu asione haya kusema kama anaumwa.

Mara mingi kiuno kikikamata mutu, kinapoa chenyewe ndani ya majuma machache. Lakini kuna watu ambao maumivu yanapita miezi 3: siku moja yanapungua, siku ingine yanarudi. Hayo ndiyo waganga wanaita maumivu ya muda murefu, na ndiyo tunaongelea hapa.

Ni nini inauma?

Sehemu ya chini ya mugongo iko na mifupa 5 mikubwa iliyopangwa mumoja juu ya mwingine. Kati ya mufupa na mufupa kuna kitu laini sawa vile kamuto kadogo, kinachozuia mifupa isigongane. Pembeni kuna misuli na mishipa yenye kushikilia yote, sawa vile kamba zinavyoshikilia muti wa hema. Mishipa ya fahamu inapita hapo ikishuka mupaka ku miguu. Ndiyo sababu wengine wanasikia moto unatoka ku kiuno, unapita ku tako, unafika mupaka ku kidole cha muguu.

Sasa, jambo hili linashangaza wengi: kwa watu karibu 9 juu ya 10, munganga hawezi kuonyesha kitu kimoja na kusema "hiki ndicho kimevunjika." Haimaanishi kama mugonjwa anadanganya. Maana yake ni kwamba misuli imechoka, viungo vimekaza, na mwili umezoea kupiga kengele ya hatari hata kama hakuna kidonda kipya. Kulala vibaya, mawazo ya deni, woga wa kukimbia vita, huzuni, vyote vinafanya ile kengele ilie kwa nguvu zaidi. Ni maumivu ya kweli. Lakini kujua hivi kunatoa woga: kiuno kinaweza kuuma sana bila kuwa kimeharibika.

Kuna mambo mawili inafaa tuyanyooshe. La kwanza: kwa Kifaransa watu wanasema "mal aux reins" wakitaka kusema kiuno kinawauma. Basi wengi wetu tunafikiri ni figo, na tunatafuta majani ya kusafisha figo, tunakunywa miezi na miezi. Figo ikigonjwa, mara mingi inauma upande mumoja, chini ya mbavu, na inakuja pamoja na homa ao mukojo uliobadilika. Kiuno kinachouma wakati wa kuinama na kuinuka, mara mingi si figo. La pili: wengine wanasema ni karuho, ao ni jirani mubaya. Hatutaki kubishana na imani ya mutu. Tunaomba tu muangalie kwanza hesabu ya kazi inayofuata hapa chini, mbele ya kumushitaki jirani.

Hesabu ya shamba

Mulimaji akishika jembe la mupini mufupi, anainama saa moja, mbili, tatu bila kunyooka. Misuli ya mugongo ndiyo inashikilia kichwa, mabega na mikono visianguke mbele. Hiyo peke yake ni muzigo, hata kama hajabeba kitu.

Tuongeze muzigo wenyewe. Kila mutu anajua mizani ya soko: ukisogeza jiwe mbali na katikati, linazidi uzito. Mugongo unafanya kazi vile vile. Misuli yake iko karibu kabisa na mifupa, kama sentimeta 5 tu. Ukiinua kitu cha kilo 10 na mikono imenyooka mbele, sentimeta 50 kutoka ku mugongo, misuli inaomba kuvuta kwa nguvu ya karibu kilo 100. Kitu kile kile ukikibana ku tumbo, nguvu ile inapungua sana. Uzito haukubadilika, kilichobadilika ni umbali.

Tupime sasa siku moja ya mama mulimaji. Asubui bido ya maji ya litre 20, ni kilo 20 na zaidi. Kisha kuinama shambani na mutoto ku mugongo. Magaribi kuni ao mihogo, kamba imepita ku paji la uso, anapanda mulima. Juma mara 6, mwaka mara karibu 300. Hakuna karuho inayopita hiyo.

Haya si mambo ya kwetu tu. Huko California, mu Marekani, wafanyakazi wa mashamba makubwa ya mboga walikuwa wanalazimishwa kutumia jembe la mupini mufupi sana, hata chini ya sentimeta 60. Wenye mashamba walisema jembe fupi linafanya kazi safi. Wafanyakazi walisema linavunja migongo yao, na waganga wakashuhudia. Kesi ilifika mupaka ku tribinali kubwa, na mu mwaka 1975 jembe lile likakatazwa. Mashamba hayakufa. Mboga ziliendelea kuota, na watu wakafanya kazi wakiwa wamesimama.

Juu ya mizigo pia kuna kipimo. Tangu mwaka 1967, Shirika la Kazi la Kimataifa linashauri kama mwanaume mukubwa asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamuke apewe muzigo mwepesi kuliko huo kwa sana. Ku depo zetu tunaona mifuko ya kilo 100 na zaidi.

Nini inasaidia kweli

*Kutembea na kufanya kazi nyepesi.* Zamani waganga walisema: "Lala, pumzika." Leo wanasema tofauti. Kulala kitandani masiku mingi kunafanya misuli ikonde na maumivu yarefuke. Kama kiuno kimekukamata sana, punguza kazi siku moja ao mbili, lakini usikae kimya kabisa. Tembea kidogo nyumbani, kisha ku barabara, kila siku ongeza.

*Mazoezi.* Hii ndiyo dawa ya maumivu ya muda murefu yenye kushauriwa sana, na haiombi franga. Tandika mukeka, fanya asubui na magaribi:

– Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Inua matako pole pole, hesabu mupaka 5, shusha. Mara 10.

– Ukiwa bado chali, vuta goti moja kuelekea kifua kwa mikono mbili, hesabu mupaka 15. Badilisha muguu. Mara 3 kila upande.

– Piga magoti na ushike chini kwa mikono, sawa vile mbuzi anavyosimama. Pandisha mugongo juu sawa paka mwenye kukasirika, kisha uushushe pole pole. Mara 10.

Masiku ya kwanza utasikia misuli inauma kidogo, ni kawaida. Kama maumivu yanashuka ku muguu na kuzidi, acha zoezi lile na uulize ku kituo cha afya. Usihukumu mazoezi kwa siku 3: yanaomba majuma 6 ao 8. Hata mihogo haiiti mutu siku ya pili ya kuipanda.

*Joto.* Kitambaa kilichochovywa mu maji ya moto na kukamuliwa, ukiweke ku kiuno dakika 15. Kinalegeza misuli. Angalia usijiunguze.

*Vidonge, lakini kwa muda mufupi.* Ibuprofene inaweza kupunguza maumivu wakati yamezidi. Inywewe kisha kula, masiku machache tu. Mwenye kidonda cha tumbo, mwenye ugonjwa wa figo ao tansiyo, na mama mwenye mimba, asiimeze bila kuuliza munganga. Vidonge vinakusaidia uweze kutembea na kufanya mazoezi. Haviponeshi kiuno peke yao.

Nini inakula franga bure, ao inaharibu

*Sindano za kila juma.* Tumesikia watu wakisema: "Mi nachomwaka diklofenaki, nasikia muzuri siku tatu, kisha inarudia." Siku tatu, halafu unauzisha kuku ingine. Sindano haipiti kidonge kwa kuponesha kiuno. Ikizidi inatoboa tumbo na kuumiza figo. Tena ikichomwa vibaya ku tako, inaweza kugusa mushipa mukubwa wa muguu na kulemaza mutu.

*Vidonge vya kunenepesha.* Deksametazone na prednizolone vinauzishwa ku soko bila karatasi ya munganga. Mutu anasikia nguvu, uso unajaa, anafikiri amepona. Ndani, vinadhoofisha mifupa, vinapandisha sukari, na vinaficha magonjwa mengine. Mugongo unazidi kulegea. Kama umevimeza muda murefu, usikate kwa rafla: nenda ku kituo, watakuonyesha namna ya kupunguza.

*Tramadoli.* Inazoeza mwili mupaka mutu anashindwa kuacha. OMS inashauri dawa za namna hiyo zisitumiwe kwa maumivu haya.

*Mishipi ya kiuno.* OMS haishauri kuivaa kwa kutibu maumivu ya muda murefu. Misuli yako ndiyo mushipi wako, na mazoezi ndiyo yanaukaza.

*Kukanyagwa mugongo na kuchanjwa.* Kukandwa pole pole na mafuta hakuna ubaya, kunatuliza. Lakini kupandiwa na mutu ku mugongo, kuvutwa kwa nguvu, ao kuchanjwa na wembe uliopita kwa wengine, hapana. Wembe unaleta sida na magonjwa ya ini.

Alama za hatari: usingoje

Kuna mara chache ambapo kiuno kinatangaza ugonjwa mukubwa. Enda ku kituo cha afya bila kukawia kama uko na moja ya alama hizi:

– Maumivu pamoja na homa, jasho la usiku ao kukonda. Kifua kikuu kinaweza kuingia mu mifupa ya mugongo na kutengeneza nundu, hata kama mutu hakohoi. Dawa zake zinatolewa bila malipo.

– Homa inayokuja na kwenda kwa mutu anayechunga ngombe ao kunywa maziwa mabichi. Inaweza kuwa bruseloze. Kuchemusha maziwa kunaikinga.

– Maumivu kisha kuanguka ku muti, ku motari ao ku mulima. Ao kwa mutu muzee hata akianguka kidogo.

– Maumivu yasiyobadilika usiku na muchana, hata ukilala, kwa mutu aliyewahi kupata kansa.

– Kwa wamama: kiuno pamoja na kutokwa damu ao uchafu, ao wakati wa mimba.

– Na hii ni ya haraka kabisa, siku ile ile: miguu inalegea, ganzi iko katikati ya mapaja, mukojo unakataa kutoka ao unatoka bila kujua. Mutu huyo abebwe hospitali mara moja. Akikawia anaweza asitembee tena.

Tubadilishe kazi, si mutu peke yake

Haifai kumwambia mulimaji "usiiname" kisha tumuache na jembe lile lile. Tunaona mambo 5 yanayowezekana hapa kwetu.

1. *Mupini murefu kwa kupalilia.* Kwa kuvunja udongo muzito, jembe letu la kawaida lina nguvu yake. Lakini kwa kupalilia, mupini wa mukaratusi unaofika ku kifua unatosha, na jembe lifungwe likielekea ndani kidogo ili likate vizuri. Tumesikia watu wakisema ni jembe la wavivu. Muwaambie waje wahesabu mistari magaribi.

2. *Kupanda kwa mistari.* Maharagi yaliyomwagwa ovyo yanapaliliwa kwa vidole, mutu amejikunja. Yaliyo ku mustari yanapaliliwa kwa jembe. Ku migomba na kahawa, funika udongo na majani makavu: magugu yanapungua, unyevu unabaki, na unaokoa masiku mazima ya kuinama.

3. *Ku mulima, angalia juu.* Ukilima ukiangalia juu ya mulima, udongo uko karibu nawe na unainama kidogo tu. Ukiangalia chini, unajikunja mara mbili.

4. *Kubadilisha kazi.* Nusu saa ya jembe, kisha nyooka, weka mikono ku kiuno, jikunje nyuma mara 5, fanya kazi ingine. Mutoto abaki ku kivuli na mutu anayemuchunga, kwa zamu, wakati mama analima.

5. *Mizigo midogo.* Bido mbili za litre 10, moja kila mukono, kuliko moja ya 20 upande mumoja. Kwa kuinua: karibia muzigo, kunja magoti, ubane ku tumbo, inuka kwa miguu, usijizungushe ukiwa nao. Kwa mbali, koperative itafute baiskeli, toroka, ao chukudu kama ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini.

Juu ya mifuko tuongeze neno. Munjua wachuuzi wanapenda mufuko uliojazwa mupaka juu, umeshonewa na kamba, na bei wanalipa kwa mufuko. Mufuko ule unawaibia mara mbili: kilo za juu hazilipwi, na mugongo wa mubebaji unalipa. Koperative iliyonunua mizani na kuuzisha kwa kilo, mu mifuko ya kilo 50, inalinda franga na kiuno kwa kipimo kimoja.

Swali gumu: mutu asiyeweza kubeba ni memba?

Mu kundi moja la wamama tulikuta sheria hii: mwenye kukosa salongo mara 3 anapoteza zamu yake ya mbuzi. Mama mumoja, kiuno kilimukamata mwaka muzima. Alikosa mara 4. Mbuzi alipewa mwingine. Wakati jambo lilirudishwa mu mukutano, maneno yalikuwa makali. Wengine walisema: "Tukimusamehe, kesho wote tutakuwa na mugongo." Wengine wakajibu: "Na kesho kama ni wewe?"

Wale wamama hawakuondoa sheria. Walibadilisha neno moja: pahali pa "mwenye kukosa kulima," waliandika "mwenye kukosa kazi." Kisha wakaandika orodha ya kazi zisizoomba kubeba wala kuinama muda murefu: kuchagua mbegu, kupima ku mizani, kuandika kitabu, kumwangilia pepinyere iliyoinuliwa ku meza ya miti, kuchunga watoto wakati wengine wanalima. Mama yule alipewa kuchagua mbegu za maharagi. Zamu yake ya mbuzi ilirudishwa ku orodha.

Tunaona hivyo ni haki, na tena ni faida. Mutu mwenye maumivu haya akibaki mu kazi na mu watu, mara mingi anapona vizuri kuliko yule anayefungiwa nyumbani. Mutu aliyetupwa inje anakaa, anawaza, anachomwa sindano, anauzisha shamba. Tumeona familia zilizoanza na kiuno na kuishia bila udongo. Kwa yule mwenye kuogopa uongo: mupe mutu kazi ingine, usimupe likizo. Mwenye kudanganya hatapenda kuchagua maharagi tangu asubui mupaka magaribi.

Mbele ya mwezi wa 9

Tunaomba kila koperative iweke mambo 3 ku mukutano wake ujao, mbele ya mvua za Musimu A. Kwanza, kuhesabu bila haya ni wangapi wako na kiuno kinachouma zaidi ya miezi 3, na kuona nani kati yao ako na alama za hatari ili atumwe ku kituo cha afya. Wale wa mutuelle ya afya wahakikishe kama wamelipa. Pili, kupima mifuko ya depo na kuamua mupaka wa kilo. Tatu, kuandika orodha ya kazi nyepesi na kuiweka mu sheria za ndani.

Mupini murefu kumoja munaweza kuujaribu hata kesho. Kateni mumoja, mupalilie nao mistari 10, mistari 10 ingine kwa jembe la zamani, na mwenye kulima aseme mwenyewe magaribi. Animatere wetu akipita, mumuonyeshe shamba lile. Tutaandika majibu yenu mu gazeti linalofuata, hata yale yanayotupinga.